Mkutano Ulioalikwa Kama Harusi

Shule nimeishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili msomi asijichoshe kunisahihisha. Niliteremka kutoka Kalinzi na shati moja na mkungu wa ndizi kichwani. Nikabeba mizigo bandarini Kigoma, nikauza dagaa, nikanunua wavu, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma ufukweni upande wa Bangwe. Sikuandikiwa barua na mtu wala sikushikwa mkono na mjomba. Lakini watu wa huku hawanijui kwa nyumba wala kwa wavu. Wananijua kwa debe.

Nilikuwa mpiga mbiu wa mtaa. Miaka ile ofisi ikiwa na jambo la kuwaambia wananchi ilikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza ubao, ya pili mimi.

Ubao ulisimama nje ya ofisi, umepakwa rangi ya kijani, na matangazo yalibandikwa kwa uji wa muhogo kwa sababu gundi ilikuwa haipatikani. Sasa uji wa muhogo ukikauka kwenye karatasi, mbuzi haambiwi. Tangazo likibandikwa asubuhi, adhuhuri limeshaliwa, zimebaki pembe nne tu. Watu walikuwa wanasema kwamba mbuzi wa mtaa wetu wanaijua mipango ya serikali kuliko wananchi, na ukitaka kujua lini kutakuwa na usafi wa mitaro, mchinje mmoja umwangalie tumboni.

Kwa hiyo kazi yote ilikuwa yangu. Mtendaji alikuwa kijana wa mbali, suruali imenyooshwa pasi hadi inakata. Ananiita ofisini, ananisomea karatasi mara mbili. Ya kwanza nasikiliza, ya pili nashika. Nikitoka pale silidondoshi neno. Wasomi wanaandika ili wasisahau. Mimi nilikuwa sisahau, kwa hiyo sikuona haja. Nachukua debe langu la mafuta ya kula, tupu, na kipande cha mti wa mpera, naanzia pale mitumbwi inapoegeshwa mpaka nyumba ya mwisho kabla ya mlima. Nasema kwa Kiswahili, nasema kwa Kiha, na Kirundi nakivunjavunja hivyohivyo mpaka mwenyewe anaelewa. Sauti yangu ilikuwa inafika ziwani. Wavuvi walikuwa wanaacha kupiga makasia kunisikiliza. Sijisifu. Nasema kilichokuwepo.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi.

Asiyekuwepo hawezi kuelewa jinsi mji ulivyofurika. Watu walikuwa wanashuka kwenye mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa na magodoro, na kuku, na cherehani kichwani. Wengine wanateremka milimani kutoka Burundi na watoto migongoni. Msiba ulikuwepo, siufichi, na walioupata wausimulie wao. Mimi nasimulia kelele. Soko la Ujiji lilikuwa na Kiswahili cha aina tatu kwenye meza moja ya nyanya, na kila mmoja anamcheka mwenzake anavyosema. Magari meupe yanapita yakipiga honi. Ofisi, ambayo zamani ilikuwa na tangazo moja kwa mwezi, sasa ina matangazo kama mvua.

Chemsheni maji, kipindupindu kimeingia. Chimbeni vyoo. Msimlaze mgeni ndani bila kutoa taarifa. Wageni wote wajiandikishe. Wageni wote wapelekwe mapokezi, kisha kambini. Mimi napiga debe, nasema, naenda zangu kunywa chai. Sikujua kwamba kila ninapopita kuna mtu anafunga mlango.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Asili yake Kongo, lakini amezaliwa pale pale ufukweni, mama yake alivuka ziwa hata ndege hazijaanza kuonekana angani kwetu. Amezika mume hapo, amezaa watoto saba hapo. Siku moja naanza kupiga debe, namwona anasukuma mtumbwi majini, amepakata kuku.

"Bibi, shikamoo! Unaenda wapi na mtumbwi wakati huvui?"

"Marahaba, Baba. Naenda kupunga upepo."

"Na kuku?"

"Naye anapunga."

Akapiga kasia mpaka akawa mdogo kama bata. Akakaa huko mpaka nilipomaliza mtaa mzima. Na si yeye peke yake. Nilipotazama vizuri niliona mitumbwi kumi na kitu, imetulia mbali na ufuko, watu wamekaa wakitazama milima kana kwamba wamekuja kupigwa picha. Niliporudi nyumbani nikamuuliza, "Bibi, mimi nakutangazia kuchemsha maji, unakimbilia wapi?" Akaniambia, "Baba, sauti yako ni ya kwako, lakini debe ni la serikali. Debe linasema wageni. Kesho watanihesabu na mimi kuwa mgeni, wanipandishe gari. Nitawaonyesha makaratasi gani? Niko fasi hii tangu kuzaliwa, na kuzaliwa hakutoi karatasi."

Nikaingia ndani, nikaliweka debe nyuma ya mlango nisilione.

Sasa, bomba.

Mtaa wetu wote ulikuwa unachota maji ziwani, pale pale tunapooga, tunapoosha dagaa na ng'ombe wanapokunywa. Kipindupindu kilipopita kilitupitia sisi kwanza. Mke wangu alilazwa kwenye mahema ya wagonjwa siku tano. Alitoka amekonda hata pete ikawa inamvuka kidoleni, akaifunga kwa uzi. Kwa hiyo siku mtendaji aliponiita akanisomea barua kwamba kuna watu wa maji, waliokuja kwa ajili ya wakimbizi, wana bomba moja la ziada la kuweka mtaa mmoja wa wananchi, na wameuteua mtaa wetu uwe wa kwanza kuulizwa, nilimwambia asinisomee mara ya pili. Nilishika yote mara moja.

Sharti lilikuwa hili: wananchi wenyewe wakutane, waseme wanalitaka, wakubaliane mahali, na kaya zaidi ya nusu ziandikwe majina. Mkutano Jumanne saa nne asubuhi. Wasipotokea, bomba linakwenda mtaa wa Katubuka.

Nilipiga debe siku ile mpaka likapasuka pembeni. "Haya, haya! Aliyelala aamke, aliyeamka akae atulie! Bomba! Bomba la maji linakuja!" Nilipiga kwa furaha, na hilo ndilo lililokuwa kosa, kwa sababu kadiri nilivyopiga kwa nguvu ndivyo walivyoona jambo lenyewe ni kubwa na la kukimbiwa. Hakuna aliyesubiri nifike kwenye neno bomba. Ziwa likajaa mitumbwi.

Jumanne saa nne tulikuwa uwanjani mimi, mtendaji na faili lake, mke wangu, mzee mmoja kiziwi aliyekuja kwa sababu hakusikia debe, na wale mbuzi. Basi. Gari jeupe likaja. Injinia wa maji akashuka, mwanamke, mtu wa kwetu Tanzania, buti miguuni, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akatuhesabu kwa macho. Haikumchukua muda.

"Mtaa wenyewe uko wapi?" akauliza.

Mtendaji akasema, "Wananchi hawana mwamko, Injinia."

Nikamwambia pale pale, "Mwanangu, wanaume wa huku wamerudi alfajiri kutoka kuvua, saa nne wako usingizini. Wanawake saa nne wanaanika dagaa, na dagaa asipogeuzwa jua likiwa kali anaoza. Wewe umewaita saa ambayo mtu mwenye akili hawezi kuja, halafu unasema hawana mwamko? Wameamka kabla yako!"

Injinia akacheka, lakini hakulegea. Akasema Alhamisi ndiyo siku yake ya mwisho Kigoma. Alhamisi, saa yoyote tutakayopenda sisi wenyewe, atakuja. Akikuta uwanja mtupu tena, hatabishana na mtu, bomba ni la Katubuka. Mtendaji akanigeukia. "Mzee, kapige debe tena."

"Debe halitaita mtu," nikasema.

"Tutatumia nini sasa? Nibandike tangazo?"

Mbuzi mmoja akainua kichwa. Wallahi aliinua.

Nikaenda nyumbani nimefura. Hakuna kitu kinachomuuma mwanamume kama kugundua kwamba sauti yake aliyojivunia miaka yote ndiyo iliyofukuza maji kwa mke wake. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akasema, bila hata kunitazama, "Mbona kwenye harusi ya juzi kule Ujiji mtaa mzima ulikwenda? Nani aliwapigia debe?"

Nikasimama. Nikavaa viatu tena.

Ujiji wana mambo yao, ya zamani, walikuja nayo wafanyabiashara wa pwani na wa Manyema wakayachanganya. Harusi ya Ujiji huarifiwi kwa karatasi. Anakuja mwalikaji. Ni mwanamke mtu mzima, amejifunga khanga mpya, amepaka wanja, ananukia udi tangu kona ya nyumba, na wenzake wawili nyuma yake. Anapita mlango kwa mlango, anakaa, anajulia hali hadi ya mbuzi, ndipo anasema: mnaalikwa siku fulani, baada ya sala fulani. Mwalikaji akishakanyaga kizingiti chako, ukikosa kwenda umejitenga na watu. Utazikwa na nani?

Mwalikaji mkubwa kuliko wote wakati ule alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ulimi kama wembe. Alikuwa amealika harusi za watoto na za mama wa watoto hao. Nikamkuta barazani kwake anakuna nazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeacha debe wapi? Au leo umekuja kunihamisha mimi?"

"Nimekuja nikuombe ualike mkutano."

Akaacha kukuna. "Mkutano wa nani na nani wanaoana?"

Nikamweleza yote: maji, Alhamisi, Katubuka. Niliposema Katubuka akaweka mbuzi ya nazi pembeni. Ana wifi yake Katubuka, na sikuuliza zaidi. Akasema atafanya, kwa masharti mawili. La kwanza, nisipige hata kikombe kwa kijiko kuanzia sasa mpaka Alhamisi. La pili, yeye hatasema maneno ya ofisini. Hatasema kwa mujibu wala kwa hisani. Atasema kwa namna yake.

"Na saa?" nikamuuliza.

"Baada ya sala ya alasiri. Dagaa wameshaanuliwa, wanaume wameshaamka wana njaa. Mtu mwenye njaa haachi mwaliko. We' mzee, umeishi ufukweni miaka yote hiyo, hujui?"

Nilijua. Ofisi ndiyo haikujua, na mimi sikuwahi kuiambia, kwa kuwa nilidhani kazi yangu ni kupeleka maneno upande mmoja tu.

Jumatano akashuka Bangwe na wenzake wawili, khanga zinang'aa kama kuku wa sikukuu. Mimi nilikaa ndani, mikono inaniwasha. Nikawa nachungulia dirishani. Namwona anaingia nyumba hii, anatoka, anaingia ile. Milango ambayo kwangu ilikuwa inafungwa, kwake inafunguliwa hata hajabisha. Kwa jirani yangu bibi alikaa muda mrefu, nikasikia vicheko vinapita ukutani, na mke wangu akaniambia niache kuchungulia, natia aibu.

Sasa nieleze kosa, maana lilikuwa la wote. Yule mama alisema bomba. Namtetea, alisema wazi kila nyumba: mnaalikwa kesho baada ya alasiri, uwanjani, tukapokee bomba la maji. Lakini mwalikaji akishakaa mkekani, ananukia udi, wanja machoni, nani anasikiliza tena hadi mwisho? Unashika siku, unashika saa, unashika uwanja. Mengine unawaza utavaa nini.

Alhamisi alasiri nikatoka nyumbani na shati langu la pasi. Nikasikia tarumbeta.

Nikadhani nimechanganyikiwa. Nikakunja kona na kuona uwanja. Jamani! Mikeka imetandikwa. Wanawake wamevaa sare, khanga doti moja kila ukoo. Wanaume wa boti zote, wale wale waliokuwa wanalala saa nne, wamevaa kanzu na suti za mitumba, wamechana nywele kwa maji. Vijana wa tarumbeta wa Ujiji wamekuja hata hawakuitwa, kwa sababu ndiyo kazi yao, pakisikika harusi wapo. Masufuria mawili ya pilau yanafuka. Watu wamebeba zawadi: vikombe, mabakuli, kuku waliofungwa miguu, beseni la enameli lenye maua. Na katikati ya mkeka wa kwanza wameweka kiti, kimevikwa shuka nyeupe, kitupu.

"Bibi harusi yuko wapi?" mwanamke mmoja akaniuliza. "Na ni mtoto wa nani, mbona hatukuambiwa?"

Nikacheka mpaka nikashika magoti. Mtu akiniuliza, nacheka. Nikamwona mwalikaji mwenyewe amesimama pembeni, mkono mdomoni, mabega yanaruka.

"Mama, umewaambia nini?"

"Nimewaambia bomba, wallahi! Nyumba ya mwisho nimerudia mara mbili!"

Gari jeupe likafika. Injinia akashuka, akatazama, akarudi kutazama gari lake kana kwamba dereva amekosea mtaa. Tarumbeta zikamgeukia yeye. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu amekuja na gari, basi lazima ni wa upande wa bwana harusi. Mbele ya macho yangu injinia wa maji alivishwa taji la maua ya bougainvillea, na buti zake.

Ningeiacha hapo ningefurahi. Lakini mtendaji akasimama na faili.

"Ndugu wananchi," akasema, na tarumbeta zikafa moja moja. "Kwa mujibu wa utaratibu, kila mkuu wa kaya atapita mbele, ataje jina lake, kabila lake, na mahali alipozaliwa, aandikwe kwenye daftari hili."

Akalifungua daftari. Uwanja ukapoa kama chai iliyosahauliwa. Macho yakaanza kutembea kutoka kwenye daftari kwenda kwenye gari jeupe. Wameviona vitu hivi viwili pamoja siku nyingi, daftari na gari, na wanajua mtu akiandikwa kwenye kimoja anapandishwa kwenye kingine.

Jirani yangu bibi alikuwa mstari wa mbele, amevaa kitenge cha Kongo, amepakata kuku, yule yule wa kupunga upepo. Akainuka. Akageuka kuelekea ziwani. Na nyuma yake upande mzima ule ukaanza kuinuka, wanawake wanakunja mikeka, wanaume wanatafuta viatu. Nikahesabu haraka haraka. Wakiondoka wale, nusu ya kaya haifiki. Injinia alikuwa ananitazama mimi. Nikafungua mdomo nipaze sauti, ile sauti yangu ya ziwani, na mke wangu akanibana mkono. "Ukipiga kelele," akasema, "wanakimbia."

Ni kweli. Nikaufunga.

Mwalikaji akatembea taratibu mpaka mbele ya mtendaji, akaweka kiganja juu ya daftari.

"Mwanangu, kaa. Harusini hatuandiki hivyo."

"Mama, huu ni mkutano wa—"

"Kaa, mwanangu. Utapewa pilau."

Akaketi. Mama akageukia uwanja, mikono kiunoni. Akaita kwa sauti ya kuzomea: "Na yule mwenye kitenge, anaondoka na kuku wa bibi harusi?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Lazima mfahamu: kwetu unaweza kuchelewa harusini, unaweza kulala harusini, lakini kuja na zawadi halafu ukarudi nayo nyumbani, watu wataimba jina lako mpaka wajukuu zako wahame mji. Bibi akasimama kama amepigwa msumari. Akamtazama kuku. Kuku akamtazama.

"Miye si mwizi wa kuku wangu mwenyewe!" akasema.

"Basi mlete tumwone!"

"Hata bibi harusi hayupo!"

"Bibi harusi ni bomba!" mama akapaza. "Nimewaambia jana mlango kwa mlango, mkawa mnanusa udi! Bomba la maji! Linaletwa leo kama mtaa wenyewe upo, na mtaa usipokuwepo linaolewa Katubuka!"

Pakaanza mnong'ono, kisha mtu mmoja, mvuvi mwenye suti ya kijivu, akasema kwa uchungu kabisa, "Katubuka? Bibi harusi wetu?" Na watu wakaanza kucheka upya, cheko jingine, la mtu aliyegundua kwamba amejidanganya mwenyewe na bado yuko sherehe.

"Tunaandika kama tunavyoandika tunzo," mama akasema. "Jina, na ulicholeta. Basi. Aje anacheza, atajwe, apigiwe vigelegele. Tarumbeta!"

Bibi alisita bado. Nilimwona. Alikuwa anatazama daftari, si watu. Nikafanya la kwangu, la pekee nililofanya siku ile lenye maana: nikatoka mimi kwanza. Sikuleta kitu, nilikuja mkutanoni mimi! Mke wangu akanitupia ndoo mpya aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya bomba lenyewe. Nikaiweka kichwani, nikacheza. Mwanamume wa umri wangu, mpiga mbiu wa serikali, na ndoo kichwani. Nikataja jina langu, mtendaji akaandika, nikaweka dole gumba. Nikamgeukia jirani yangu.

"Bibi, nimeandikwa kabla yako. Kama ni gari, tunapanda wote, na ndoo."

Akanipita kwa dharau. Akacheza! Mabega ya Kongo yale, si ya Ujiji, miguu haionekani inavyokwenda, kuku juu. Tarumbeta zikapoteza njia zikamfuata yeye. Akafika mezani anahema.

"Andika," akamwambia mtendaji. Akataja jina lake. "Andika na la marehemu mume wangu. Na watoto saba, mmoja mmoja, nitakutajia, usiandike wakorofi mwisho."

Mtendaji, kwa mazoea tu, maskini, akauliza, "Kabila?"

"Kuku!" mama mwalikaji akadakia. "Nimekwambia jina na alicholeta!"

Mtendaji akamtazama injinia. Injinia, na maua kichwani, machozi ya kicheko mashavuni, akasema, "Andika kuku."

Basi ikawa shida nyingine, ya kuwazuia. Kila mtu anataka kuandikwa kabla hajapitwa. Aliyeleta bakuli anamwona aliyeleta beseni anapigiwa vigelegele virefu, anarudi nyumbani kuchukua sinia. Wakaanza kucheza wawili wawili. Yule mzee kiziwi alipita mara mbili. Walikuja watu ambao sikujua wako mtaani kwetu, na mimi nilijidai naujua mtaa. Daftari likajaa, mtendaji akageuza upande wa nyuma, akamaliza na huo, akaanza kuandika kwenye jalada la faili lake. Suruali ile ya pasi ilikuwa na pilau gotini. Hakujali. Nilimwona anatikisa bega.

Injinia akasimama juu ya mkeka akasema kaya zimepita nusu tangu kuku wa tatu, na bomba ni letu. Akauliza tu liwekwe wapi. Hapo ndipo tulipogombana kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo, robo saa, kwa lugha nne, na tukakubaliana karibu na miembe ya ofisini kwa kuwa ardhi ni imara. Bibi alisimama kwenye ule ugomvi akapaza sauti kuliko wote. Mtu anayetoroka hagombanii bomba liwekwe wapi.

Baada ya siku ile nikamwambia mtendaji wazi: kuanzia leo karatasi ukinisomea, na mimi nitakusomea ya wananchi. Saa ngapi wanalala, saa ngapi dagaa yuko juani, nani anaogopa nini. Akakubali. Mambo ya maji, chanjo na usafi, akina mama ndio wanaoalika, mlango kwa mlango, na watu huulizwa hapo hapo, na majibu yanarudi ofisini. Serikali ikitaka kumwambia mtu jambo, iende imkute, ikae mkekani, imjulie hali. Mimi sikusoma, lakini hilo nalijua na wengi waliosoma hawalijui.

Wiki tatu baadaye wakafungulia. Mtaa mzima ulikuwepo, hakuna aliyeitwa. Bomba lilikohoa, likatoa upepo, likatema maji ya kahawia kama kahawa ya Kalinzi, likakatika. Watu wakaguna. Kisha yakaja meupe, kwa nguvu, yakamlowanisha mtendaji. Wanawake wakasogea na ndoo. Nikawaambia subirini, nikamshika mke wangu mkono nikampitisha mbele ya wote, kwa sababu ndiye aliyelala kwenye mahema siku tano. Akakinga viganja, akanywa, akafuta kidevu.

"Yana ladha ya chuma," akasema.

Kisha akakinga tena.